Mkono wa Kike wa Mugwe

Zunguka mugumo mara saba, utageuka msichana. Kama ulilelewa karibu na Mlima Kenya, au ulikaa dawati moja na watoto wa Kikuyu, hii umeisikia. Sisi tuliisikia Isiolo, ambako mugumo wenyewe ni adimu. Huku ni migunga na vumbi, na mlima unauona asubuhi tu kabla mawingu hayajaufunika. Lakini stori hupanda matatu kama vile miraa inavyopanda, na ikifika Isiolo inashuka. Tulipokosa mugumo tulizunguka mwarobaini wa shuleni. Wavulana waliishia mara sita. Hakuna aliyethubutu ya saba. Wasichana nao waliuliza swali ambalo sijapata jibu lake mpaka leo: na sisi tukizunguka, tunakuwa wavulana, au mti unafanya kazi upande mmoja tu?

Wapo wanaosema hiyo ilikuwa njia ya wazee kuwafukuza watoto chini ya mti mtakatifu, mahali pa kafara na maombi. Inawezekana. Lakini angalia vile tishio lenyewe limejengwa. Halisemi utakufa wala utapofuka. Linasema mwili wako unaweza kugeuka ukawa wa aina nyingine, na mtoto anayesikia anaelewa mara moja, haombi maelezo. Wazo hilo lilikuwako tayari kichwani mwa jamii, limekaa tu, bila mzungu wala runinga.

Nalitaja kwa sababu ya rafiki yangu, mzaliwa wa Isiolo, ambaye siku hizi anaishi Nairobi kwa sababu ambazo hahitaji kunieleza. Mwaka jana tulikuwa tunaongea kwa simu usiku, akaniuliza, "Wewe si unasoma historia? Kabla wazungu hawajakuja, mtu kama mimi alikuwa anaitwaje?" Alicheka alipouliza, lakini alinyamaza kusubiri jibu. Amechoka kusikia kwamba yeye ni kitu kilicholetwa na meli. Ameambiwa hivyo kanisani, ameambiwa kwa mjomba, ameambiwa na mbunge kwenye redio. Anataka babu. Mtu yeyote anayeambiwa si wa hapa hutafuta kaburi la babu ili aonyeshe.

Nilianza kumtafutia. Yafuatayo ndiyo niliyoyapata, na baadhi hayamfai vile angependa.

Nilianzia karibu. Ukitoka Isiolo ukapanda kuelekea Meru, hewa inabadilika, masweta yanatoka, na baada ya muda mfupi uko katika nchi ya Mugwe. Mugwe alikuwa mkuu wa dini wa Wameru. Hakuwa mganga wala chifu. Alikuwa mwenye baraka. Rika jipya lilihitaji baraka yake, vita vilihitaji baraka yake, na cheo chake kilirithiwa ndani ya ukoo. Padre wa Consolata aliyekuwa pia mwanaanthropolojia, Bernardo Bernardi, aliandika kitabu kizima kumhusu, kikatoka mwaka 1959. Tayari kwenye jina la kitabu alimwita nabii anayefifia, kwa sababu serikali ya kikoloni na misheni zilikuwa zimekwisha mmaliza nguvu.

Ndani ya kitabu kuna habari moja ndogo ya Mugwe wa Imenti. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mtakatifu. Ndio uliobariki. Aliuficha chini ya vazi lake na watu hawakuruhusiwa kuuona. Ilisemekana anayeuona anakufa. Maadui wakija, ilitosha auinue.

Sasa simama hapo. Sisi wa Afrika Mashariki tumefunzwa tangu tukiwa watoto kwamba mkono wa kushoto ni wa chooni. Ukimpa mzee kitu kwa kushoto unakaripiwa. Kwa Wameru pia mkono wa kulia ndio wa heshima. Imekuwaje mtu mtakatifu kuliko wote akabariki kwa ule mwingine?

Mwaka 1960 mwanaanthropolojia Mwingereza, Rodney Needham, aliandika makala kuhusu swali hilo hilo. Alichukua maelezo ya Bernardi na ya waandishi wengine, akayapanga kwa jozi. Upande wa kulia kuna mwanamume, mchana, ukoo mweupe, mke wa kwanza, wazee na mamlaka yao ya kisiasa. Upande wa kushoto kuna mwanamke, usiku, ukoo mweusi, mke mwenza, na Mugwe. Hoja yake ni kwamba Wameru waligawa mamlaka mara mbili. Wazee walishika nguvu ya kuamua, Mugwe akashika nguvu ya kubariki, na nguvu hiyo ya pili ilikaa upande wa kike wa dunia hata kama aliyeishika ni mwanamume mwenye ndevu.

Msomaji wa Kiswahili hashtuki sana akifika hapo. Sisi wenyewe tunasema mkono wa kuume kwa ule wa kulia, na kamusi zetu za zamani zinauita wa kushoto mkono wa kike. Needham alihitaji kurasa nyingi kufika mahali ambapo lugha ya bibi yako ilikuwa imeketi zamani.

Baada ya hapo habari ikaanza kukua. Ukisoma vitabu vya baadaye, hasa ule mkusanyo unaotajwa sana wa Stephen Murray na Will Roscoe wa mwaka 1998 kuhusu mapenzi ya jinsia moja Afrika, unakutana na Mugwe mwingine. Huyu anavaa nguo za kike, anasuka nywele kama wanawake, mara nyingi anapenda wanaume, na wakati mwingine anaoa mwanamume. Siku hizi sentensi hiyo iko kila mahali. Iko mtandaoni, iko kwenye vijitabu vya haki, iko kwenye mabishano ya Twitter saa nane za usiku. Rafiki yangu alikuwa nayo tayari kwenye simu yake. Alinitumia picha ya ukurasa na alama za moyo.

Mimi sikuweza kumtumia moyo. Ukilifuata dai hilo kurudi nyuma, kutoka kitabu hadi kitabu, linapungua uzito kadiri unavyokaribia Meru. Hoja ya Needham ni ya alama, haihusu kitanda cha mtu. Kuwa upande wa kushoto wa jedwali si sawa na kuwa na mume. Kati ya mkono uliofichwa chini ya vazi na harusi ya wanaume wawili kuna umbali mrefu, na waliouvuka waliuvuka wakiwa maktabani, mbali sana na Imenti.

Nilimwambia. Hakufurahi. "Kwa hivyo hata huyo mmoja unaninyang'anya?"

Sijamnyang'anya. Nadhani kilichobaki ni kikubwa kuliko kile kilichotiwa chumvi. Jamii iliyo kilomita chache kutoka kwetu iliamini kwamba baraka kuu ya taifa inahitaji upande wa kike, na ikauweka upande huo katika mwili wa mwanamume, ikamstahi kwa hofu. Hiyo haithibitishi kwamba Mugwe alikuwa shoga. Ila inawapa kazi ngumu wale wanaosema kwamba kwa babu zetu mume alikuwa mume na mke alikuwa mke, mstari ukachorwa, basi.

Na hata leo mstari huo hausimami wima katika soko la Isiolo. Mtazame morani wa Kisamburu akishuka kutoka Archer's Post. Ana nywele ndefu zilizosukwa na kupakwa udongo mwekundu, ana shanga shingoni na mikononi, na anatembea akijua anatazamwa. Mama yake kando yake amenyoa kichwa chote. Kwa hesabu ya mtaani kwetu Bulapesa, mwenye nywele za kusuka ni mwanamke na mwenye kipara ni mwanamume, kwa hivyo hapo tungekosea mara mbili kwa mpigo. Kijana wa mtaani akisuka nywele hizo hizo anaulizwa maswali na kila mtu, kuanzia mwenye duka. Morani haulizwi kitu. Ana mkuki.

Kaskazini zaidi, ng'ambo ya mpaka, kwa Wakonso wa Ethiopia ambao lugha yao ni ndugu ya Kiborana, Christopher Hallpike aliandika mwaka 1972 kuhusu wanaume waliokuwa hawaoi na waliovaa sketi za kike. Walikuwa na jina lao katika lugha, sagoda. Jina hilo nilimpa rafiki yangu kama nilivyolipata, bila kuongeza mapambo.

Kuhusu ndoa za wanawake kwa wanawake nitapita haraka, kwa sababu zimeandikwa mno, na kila upande unazitumia kama jembe. Zilikuwako kwa Wanandi, Wakisii, Wakamba, Wakikuyu na wengine. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume alilipa mahari, akaoa mwanamke, na watoto wakawa wa nyumba yake. Regine Oboler, aliyeishi na Wanandi, aliandika mwaka 1980 kwamba mwoaji alihesabiwa mwanamume kabisa, na kwamba jambo kubwa lilikuwa mrithi wa mali, wala hawakulala pamoja. Miaka 20 baadaye Wairimu Njambi na William O'Brien waliandika kuhusu wanawake wa Kikuyu walioingia katika ndoa za namna hii, na wanawake hao walizungumza pia juu ya kupendana, kusaidiana na kuchagua nani wa kuishi naye. Mwaka 2011 kesi ya urithi ilifika Mahakama Kuu ya Mombasa, na Jaji J. B. Ojwang akaitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi, akasema mke na watoto wake wana haki ya kurithi. Hiyo ni mwaka mmoja tu baada ya Katiba mpya, ambayo kifungu chake cha 45 kinasema mtu mzima ana haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Nchi moja, vitabu viwili vya sheria, na mwanamke mwenye mume mwanamke amekaa katikati anasubiri shamba lake.

Hapa namkumbuka Abunuwasi na sufuria.

Unaijua hiyo. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani, anairudisha na kisufuria kidogo ndani. "Imezaa," anasema, na jirani anafurahi, anapokea vyote viwili. Mara ya pili anaazima tena, harudishi. Jirani akija kuuliza anaambiwa sufuria imekufa. Jirani anapiga kelele kwamba sufuria haiwezi kufa. Abunuwasi anamuuliza aliona wapi sufuria ikizaa. Ndivyo tulivyo na utamaduni. Mbunge anakubali sufuria ya mila ikizaa ng'ombe na mahari na wake wanne. Ikizaa bibi mwenye mke, anasema hiyo haiwezekani, hiyo si yetu. Na sisi wa upande mwingine tunaipokea sufuria ya Mugwe mwenye mume bila kuuliza ilizaliwa hospitali gani.

Lakini sikumleta Abunuwasi kwa ajili ya sufuria peke yake.

Vizazi vya watoto wa Afrika Mashariki vimecheka na Abunuwasi darasani, madrasani, kwa bibi. Kwetu Isiolo tulimhesabu kama mtu wa Pwani, binamu yake sungura. Wachache waliambiwa kwamba alikuwa mtu wa kweli. Jina lake al-Hasan ibn Hani, alizaliwa Ahvaz, nchi ya Uajemi, karibu mwaka 756, mama Mwajemi, akasomea Basra na Kufa, akafika Baghdad ya Harun al-Rashid. Abu Nuwas ni lakabu, maana yake mwenye vishungi vya nywele vinavyoning'inia. Kwa hivyo hata yeye angesimamishwa na mwenye duka wa Bulapesa. Alikufa karibu mwaka 814, akiwa mmoja wa washairi wakubwa kabisa katika lugha ya Kiarabu. Na alikuwa mshairi wa mambo mawili hasa: mvinyo, na mapenzi yake kwa wavulana.

Si siri, wala si uvumbuzi wa chuo kikuu cha Marekani. Wakusanyaji wa kale wa diwani yake walizitenga beti hizo katika mlango wake, kama walivyotenga za uwindaji na za sifa. Nyingi zinahusu vijana wadogo, na msomaji wa leo ana haki ya kukunja uso hapo, mimi hukunja. Baghdad haikuwa na wazo letu la watu wazima wawili waliokubaliana, na si sawa kuisafisha ili ifae bango la maandamano. Wanazuoni wa wakati ule walikikataza kitendo chenyewe, na hilo pia ni kweli. Kilichonishangaza ni kwamba katazo na shairi viliishi mji mmoja. Kadhi alijua sheria na pia alijua beti kwa moyo.

Al-Amin, mwana wa Harun, ndiye aliyekuwa rafiki wa karibu wa mshairi. Mwanahistoria al-Masudi anasimulia kwamba mama yake, Zubayda, alipoona mwanawe amevutwa mno na matowashi, alichagua wajakazi wazuri, akawavika vilemba na nguo za wavulana, akawakata nywele kivulana, akawapeleka kwake. Al-Amin akawapenda. Mji mzima ukaiga fasheni hiyo, na wasichana hao wakapewa jina lao, ghulamiyyat. Soma tena polepole: mama anataka mwanawe apende wanawake, kwa hivyo anawavika wanawake uvulana. Hata Abunuwasi wa hadithi hangekuja na hila hiyo.

Na al-Masudi huyo huyo, karibu mwaka 916, alisafiri kwa jahazi mpaka nchi ya Wazenji, mpaka Kanbalu, ambayo wengi hudhani ni Pemba. Mtu aliyetuandikia Waswahili wa kale ndiye aliyetuandikia wasichana waliovaa kivulana. Bahari ile ilibeba vikombe, sala, chumvi, watumwa na hadithi. Ilimbeba Abu Nuwas pia, ila alipofika upande huu alikuwa ameacha mvinyo na wavulana njiani, akabaki na ujanja. Mtu hakai chini kupanga hivyo. Hadithi ikisimuliwa mbele ya watoto mara elfu moja hujisafisha yenyewe.

Kwingine usafishaji huwa wa makusudi. Januari 2001 Wizara ya Utamaduni ya Misri iliripotiwa kuagiza nakala zipatazo 6,000 za mashairi yake zichomwe. Wakati huo huo mtaa maarufu wa kando ya Tigris mjini Baghdad una jina lake, na tangu mwaka 1976 liko shimo katika sayari ya Zebaki linaloitwa Abu Nuwas. Alikuwa amefika mbali sana kuchomwa.

Rafiki yangu alinyamaza nilipomsimulia haya. Kisha akasema, "Kwa hivyo yule tuliyekuwa tunacheka naye darasa la nne..." Ndiyo, yule.

Pwani nayo haikukosa maneno. Hanithi lilitoka Kiarabu. Shoga lilikuwa, na kwa bibi wa Lamu bado ni, namna mwanamke anavyomwita mwanamke mwenzake mpenzi wa moyo. Baadaye likahamia kwa mwanamume mwenye tabia za kike, na sasa magazeti yamelishika kama jiwe la kurushia. Msagaji ana kitenzi chake cha kusaga, tena cha jikoni. Mwaka 1899 jarida la etnolojia la Berlin lilichapisha makala fupi kuhusu Zanzibar na kurekodi neno mke-si-mume. Mwandishi alikuwa na dharau za wakati wake na sitazirudia. Lakini wenye lugha hawatungi neno la mtu ambaye hayuko. Mwaka 1977 Unni Wikan aliandika juu ya Sohar, Oman, ambako hanithi alikuwa na nafasi inayojulikana katika mji, kati ya wanaume na wanawake, na ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili Oman wanalijua neno hilo bila kufunua kamusi. Tena angalia viwakilishi: Kiswahili hakikulazimishi kusema kama mtu ni mume au mke. Nimeandika makala haya mpaka hapa na bado hujui rafiki yangu ni nani. Lugha imemsitiri kuliko nilivyoweza mimi.

Kilichokuja kwa meli, tukitaka kusema ukweli, ni kifungu cha sheria. Waingereza walitawala himaya hii kwanza kwa Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, yenye kifungu cha 377. Mwaka 1930 Kenya ikapata kanuni yake, iliyofuata mfano wa Queensland, Australia. Kifungu cha 162 cha leo, chenye maneno ya kinyume cha maumbile na kifungo cha miaka 14, ni mjukuu wa hapo. Sisemi kwamba wazee wetu wote walikuwa wapole. Wengi hawakuwa, na siwezi kumwambia rafiki yangu kwamba angekaribishwa kila boma. Lakini wazee waliokemea walikemea mtu waliyemjua, kwa jina la baba yake, na mambo yaliishia barazani. Faili la polisi ni kitu kingine.

Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu, majaji watatu, ilikataa kuvifuta vifungu hivyo. Binyavanga Wainaina alikuwa amefariki siku tatu kabla, tarehe 21. Yeye ndiye aliyekuwa amemwandikia mama yake aliyekufa, Januari 2014, kwamba ni shoga, akaichapisha barua hiyo dunia nzima isome. Tarehe 24 Februari 2023 Mahakama ya Juu iliamua, majaji watatu kwa wawili, kwamba shirika la NGLHRC haliwezi kunyimwa usajili kwa sababu ya jina lake, na Septemba mwaka huo ikakataa kuurudia uamuzi. Ukisoma hizo mbili pamoja unapata nchi inayosema unaweza kuandikisha chama, ila ukirudi nyumbani kifungu kinakungoja.

Kabla ya hukumu hizo kulikuwa na sinema. Rafiki ya Wanuri Kahiu, mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuonyeshwa Cannes, mwaka 2018, na ilikuwa imekwisha pigwa marufuku nyumbani. Ilitokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iliyoshinda tuzo ya Caine mwaka 2007, na ambayo ina jina la mti: mzambarau. Mti tena. Septemba mwaka huo Jaji Wilfrida Okwany aliondoa marufuku kwa muda, ili filamu ipate sifa ya kupelekwa Oscar, na kumbi za Nairobi zikajaa. Aliiondoa kwa siku saba. Nilicheka peke yangu niliposoma tarakimu hiyo.

Kuna kitu kimoja zaidi nilimwambia rafiki yangu, na ndicho alichokiuliza zaidi. Mafaqihi wa Kiislamu wa karne za kati walikuwa na mlango mzima katika elimu ya mirathi kuhusu huntha, mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo hayasemi waziwazi upande wake. Walijadili anarithi kiasi gani, anasimama safu ipi msikitini, nani amwoshe akifa. Wengine waliandika kwa ukali, wengine kwa huruma, lakini wote waliandika kama watu wanaojua kwamba kesho mtu kama huyo atabisha hodi na lazima wawe na jibu. Serikali ya Kenya ilifika hapo mwaka 2019, katika sensa ya Agosti, ilipoongeza jibu la tatu kwenye swali la jinsia. Walihesabiwa 1,524 nchi nzima. Ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kufanya hivyo.

Kwetu Isiolo karani alikuja jioni na tableti yake, kijana mpole, viatu vyeupe kwa vumbi. Alisoma swali lote kama alivyofunzwa: mwanamume, mwanamke, au huntha? Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

"Hapa hakuna," alisema. "Lakini kule nilikozaliwa alikuwako mmoja. Fundi wa kushona vibuyu. Tulimwita kwa jina lake tu."

Karani alisita, kidole kikiwa juu ya kioo. "Mama, tunahesabu waliolala hapa usiku wa tarehe 24."

"Najua, mwanangu," mama alisema. "Wewe umeuliza, mimi nimejibu."